Ubora wa lenzi ya kamera

Ubora wa lenzi ya kamera ni uwezo wake wa kukusanya miale ya nuru na kuunda picha inayolingana na kitu chenyewe, kuanzia katikati ya fremu hadi pembeni. Lenzi isiyo na kasoro haijatengenezwa. Katika miaka ya 1850 mwanahisabati Mjerumani Philipp Ludwig von Seidel alibainisha kasoro tano za msingi, na kupinda kwa mistari iliyonyooka ni mojawapo. Kingo za zambarau au kijani kwenye matawi yenye anga nyeupe nyuma yake ni kasoro nyingine, ya rangi.

Viwanda hutoa grafu za kontrasti, aghalabu kwa mistari 10 na 30 kwa milimita. Zisomwe kwa tahadhari: baadhi hukokotolewa kutokana na mchoro wa lenzi, si kwa kupima lenzi iliyokwisha kuundwa.

Ukuta wa matofali bado ni kipimo kizuri. Kamera hukazwa kwenye stendi, ikatazama ukuta moja kwa moja, kisha picha hupigwa kwa kila kipimo cha tundu. Lenzi nyingi huwa kali zaidi tundu likipunguzwa hatua mbili au tatu. Kwenye f/16 na f/22 nuru hutawanyika na picha hulegea tena. Pembe moja ikififia peke yake, kamera igeuzwe juu chini na picha ipigwe upya. Ufifi ukibaki kwenye pembe ileile ya sensa, vioo vya ndani vimekaa upande. Ukihamia pembe ya mkabala, kamera ndiyo iliyosimama vibaya.

Jambo linalosahaulika ni mng'ao. Uso wa kioo usio na utando huakisi takribani asilimia 4 ya nuru, hivyo lenzi yenye nyuso sita zinazogusa hewa hupoteza zaidi ya moja ya tano. Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alibuni utando wa kupunguza mwakisiko huo mwaka 1935.

Lenzi mbili za modeli moja hutofautiana, kwa hiyo mnunuzi wa lenzi iliyotumika aijaribu ileile atakayoondoka nayo. Aimulike pia kwa tochi kutoka nyuma: kwenye miji ya pwani yenye unyevunyevu, nyuzi za kuvu huonekana ndani ya vioo, na kuvu hula utando.