Uvimbe Haukungoja Kivuko

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa Agosti 2003, mwanamke wa Msimbati au Kitaya aliyepapasa donge kwenye ziwa lake alikuwa na mto mkubwa mbele yake. Ruvuma aliuzoea. Uliomtenga na mionzi ya taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ulikuwa Rufiji. Magari yalivushwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikaza, Kusini ilifungika. Waliobaki nyumbani wakasubiri maji yapungue.

Uvimbe haukusubiri. Ulikuwa unakula.

Protini za samaki, kunde na korosho tunazokula huvunjwa tumboni kuwa asidi amino, vipande ambavyo mwili huviunga upya kuwa misuli, damu na maziwa ya mtoto. Damu huvisambaza, na kila seli huvipokea kupitia milango iliyo kwenye utando wake. Mwaka 1963, Dale Oxender na Halvor Christensen wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba milango hiyo hutofautiana: kila aina ina asidi amino zake inazozipendelea. Seli walizozichunguza zilikuwa za uvimbe wa Ehrlich, ambao asili yake ni saratani ya titi la panya.

Mwaka 1998 Yoshikatsu Kanai na wenzake nchini Japani waliutambua mlango mmojawapo, wakauita LAT1. Hupitisha lusini, miongoni mwa asidi amino ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Ndani ya seli, lusini ni chakula na pia ni habari: huiambia seli kwamba riziki ipo, ikue, igawanyike. Seli nyingi za saratani huuzidisha mlango huu kwenye utando wake. Nyingine hutegemea sana glutamini, hasa zile za saratani ya titi isiyo na vipokezi vya homoni wala protini iitwayo HER2. Chungu ni kimoja, na mgeni huyu hupakua kabla ya wenyewe.

Wazo la kumnyima chakula lilizaliwa kwa mnyama mdogo. Mwaka 1953 John Kidd, huko New York, aliona majimaji ya damu ya simbilisi yakisinyaza uvimbe wa tezi kwa panya. Baadaye ikajulikana kwamba kilichofanya kazi ni kimeng'enya kinachovunja asparajini, na leo dawa ya aina hiyo hutibu watoto wenye saratani ya damu. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa panya wenye saratani ya titi: asparajini ilipopunguzwa, uvimbe wa kwanza ulibaki, lakini kusambaa kwake kwenye mapafu kulipungua sana.

Hapa naomba tusikilizane, maana habari kama hii ikifika mtaani hugeuka mwiko. Wale walikuwa panya. Asparajini imo katika vyakula vingi, na mwili huitengeneza wenyewe. Mgonjwa anayeachishwa samaki na maharage ili "kuua uvimbe kwa njaa" ndiye anayedhoofika, na dawa zenyewe zinahitaji mwili wenye nguvu. Ale.

Ocean Road, jengo la Wajerumani la mwishoni mwa karne ya 19, lilifanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Mtwara nako, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ilizinduliwa Mitengo Septemba 2023. Kivuko cha Ndundu kimebaki simulizi. Basi linalotoka Mtwara alfajiri huingia Dar es Salaam siku hiyohiyo. Hata hivyo wanawake wengi wa nchi hii bado hufika Ocean Road ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, uvimbe ukiwa umeshakula kwa miezi mingi tangu siku ile donge lilipopapaswa bafuni na kufichwa chini ya kanga.