Ukerewe na Deni la Mbao

Visiwa vina nafasi yake katika tarehe ya Uislamu. Kule Bahari ya Kati, kisiwa cha Kubrus ndiko alikozikwa Ummu Haram binti Milhan (Radhiya-Llahu ‘anha), aliyefariki mwaka 28 Hijria akiwa katika msafara wa Mu’awiya. Nasi wa Mwanza tunacho Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya maziwa ya Afrika, ila tunakizuru bila kukisoma.

Meli huliacha nyuma Jiwe la Bismarck, na baada ya saa kama tatu hutia nanga Nansio, penye majabali, michungwa na mihogo. Masafa hayo ni yapata kilomita 50. Hayafiki marhala mbili, takriban kilomita 80, walizoshurutisha Mashafi’i. Kwa hiyo anayekusudia Nansio pekee hapunguzi Swala, ijapokuwa amepanda meli.

Stanley alipofika Kageye mwaka 1875, alimkuta Songoro, mfanyabiashara Mwislamu wa kutoka pwani. Tusimpambe: pembe za ndovu na watumwa vilikuwa katika biashara yake. Songoro alijenga jahazi Ukerewe. Ukazuka mgogoro, Omukama Lukonge akidai kuwa hajalipwa mbao zake. Songoro akakimbilia kwa wamisionari wawili Waingereza, Smith na O’Neill. Lukonge akataka wamtoe, wakakataa. Desemba 1877 wote watatu waliuawa.

Ndugu Waislamu, hapa pana mazingatio mawili. Kwanza, Aya ya deni, Al-Baqarah 282, inaamrisha kuandika na kushuhudisha. Deni lisilo na hati wala shahidi huacha kauli dhidi ya kauli, na baina ya wenye silaha, kauli huishia kwenye damu. Pili, ni insafu. Al-Maidah 8 inakataza chuki isituondoe kwenye uadilifu, na At-Tawba 6 inaamrisha kumpa hifadhi hata mshirikina anayeiomba. Wakristo wale walikufa wakimhifadhi Mwislamu. Kulikiri hilo hakupunguzi itikadi yetu hata chembe.

Leo mialoni mitumbwi, nyavu na dagaa hukopeshwa kwa maneno matupu, kwa kuwa “tunaaminiana”. Maimamu wetu waihutubie Aya hii kabla watu hawajagombana, si baada ya kuzika.

Wallahu a’lam.