Mchele Mweupe na Ugonjwa wa Beriberi: Historia Yenye Mazingatio kwa Familia Zetu



Ndugu wasomaji, tunapozungumzia chakula majumbani mwetu, swali la kwanza huwa ni moja: je, hiki ni halali? Hilo ni swali la lazima na hatuliachi. Lakini Qur'ani inapotuamrisha kula kilicho halali, huambatanisha na kilicho kizuri (twayyib), na neno hili la pili wengi wetu tunalipita haraka. Tunadhani kizuri ni kile kinachong'aa machoni na kinachomfurahisha mgeni. Katika makala haya tutaeleza, inshaallah, historia ya chakula kilichokuwa halali, safi na cheupe, nacho kikaua maelfu ya watu waliokula wakashiba. Chakula hicho ni mchele uliokobolewa ukabaki mweupe kabisa.

BERIBERI NI NINI?

Beriberi ni ugonjwa unaoanza kwa miguu kuwa mizito na kufa ganzi. Kisha misuli hulegea mpaka mtu anashindwa kutembea. Wengine huvimba, moyo hupanuka na kuchoka, na mwisho husimama. Linalotisha zaidi ni kuwa mtoto anayenyonya anaweza kufa ghafla ilhali mama yake anaonekana mzima.

Ugonjwa huu ulijulikana Asia ya Mashariki tangu zamani, lakini katika karne ya 19 ulienea sana. Wakati huo mashine za kukoboa mpunga zilikuwa zikichukua nafasi ya kinu na mchi. Mchele wa kutwanga hubaki na sehemu ya ngozi yake ya ndani, ile tunayoiita pumba inapotoka. Mashine iliiondoa ngozi hiyo yote pamoja na kiini cha punje. Mchele ukawa mweupe, ukakaa ghalani muda mrefu bila kuharibika, na wafanyabiashara wakaupenda. Huko Japani mchele mweupe ulikuwa alama ya maisha mazuri, na kijana wa kijijini aliyeingia jeshini akapewa mchele huo kila siku alijiona amepata neema.

SAFARI MBILI ZA BAHARINI

Mwaka 1882 meli ya kivita ya Japani iitwayo Ryujo iling'oa nanga kwa safari ndefu ya kuvuka bahari ya Pasifiki. Ilikuwa na watu 376. Iliporudi mwaka 1883, watu 169 walikuwa wameugua beriberi na 25 wamekufa.

Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, aliyekuwa amesomea Uingereza, alikwisha kuona kwamba maofisa waliokula vyakula vya aina nyingi hawakuugua kama mabaharia waliokula wali mtupu. Akaomba meli nyingine, Tsukuba, ipitishwe njia ile ile mwaka 1884, lakini chakula kibadilishwe: nyama, maziwa, mkate na mboga viongezwe. Tsukuba ilirudi na wagonjwa wachache tu, wala beriberi haikumuua hata mmoja. Baadaye mabaharia walianza kupewa mchele uliochanganywa na shayiri, na katika miaka michache ugonjwa ukakaribia kutoweka katika jeshi la majini.

Takaki alidhani kilichopungua ni protini. Katika hilo hakupatia, ila dawa yake ilifanya kazi. Madaktari wa jeshi la nchi kavu walimpinga. Wao walikuwa wamefuata elimu ya Ujerumani iliyosema kila ugonjwa wa namna hii una kijidudu chake, na miongoni mwa wapinzani wakubwa alikuwa Mori Rintaro. Wakaendelea kuwalisha askari mchele mweupe. Katika vita vya Japani na Urusi vya mwaka 1904 hadi 1905, askari zaidi ya 200,000 wa Japani waliugua beriberi na wapatao 27,000 walikufa kwayo. Hawakufa kwa risasi wala kwa njaa. Walikufa kwa sababu wakubwa wao waliwaheshimu walimu wao kuliko walivyoyaheshimu yale waliyoyaona kwa macho.

KUKU WA BATAVIA

Wakati huo huo, katika kisiwa cha Java kilichotawaliwa na Waholanzi, daktari Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta kijidudu cha beriberi mjini Batavia, ambao leo ni Jakarta. Akaona kuku wa maabara yake wanayumba na kuanguka, miguu imelegea kama ya wagonjwa wa beriberi. Kisha ghafla wakapona wenyewe.

Alipouliza aligundua kuwa kwa miezi kadhaa kuku hao walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe kutoka jikoni mwa hospitali ya jeshi. Alipokuja mpishi mpya, alikataa kuwapa kuku wa kiraia wali wa askari. Basi wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, wakapona. Eijkman akalijaribu jambo hilo mara kwa mara: mchele mweupe uliwaangusha kuku, na pumba ziliwainua.

Mwenzake Adolphe Vorderman akauliza kama na wanadamu wako hivyo. Alichunguza magereza yapatayo 100 ya Java yenye wafungwa karibu 280,000. Palipoliwa mchele mweupe, mfungwa mmoja katika kila 39 aliugua beriberi. Palipoliwa mchele wenye ngozi yake, hakufikia mmoja katika 10,000.

Hata baada ya hapo Eijkman alidhani kuna sumu ndani ya wali ambayo pumba huiondoa. Ni Gerrit Grijns aliyesema mwaka 1901 kwamba hakuna sumu, bali kuna kitu cha lazima kwa mwili ambacho hutupwa pamoja na pumba. Mwaka 1912 Casimir Funk aliwapa vitu vya namna hii jina ambalo leo kila mtu analijua: vitamini. Mwaka 1926 Jansen na Donath waliitenga ile ya beriberi, iitwayo thiamini au vitamini B1. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kazi ya thiamini ni kuuwezesha mwili kuigeuza wanga iwe nguvu. Mishipa ya fahamu na moyo huihitaji sana, na mwili huweka akiba yake kwa wiki chache tu. Kwa hiyo mtu anaweza kushiba wali kila siku na mwili wake ukawa na njaa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Imam Bukhari amepokea kwa Sahl bin Saad (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) hakuuona unga mweupe uliochekechwa tangu alipopewa utume mpaka alipofariki. Shayiri ilisagwa, ikapulizwa, yaliyopeperuka yakapeperuka, na yaliyobaki yakakandwa. Hatusemi kwamba hadithi hii ni somo la udaktari. Inatueleza maisha yao yalivyokuwa mepesi. Ila tunaona kuwa chakula kile tunachokihesabu cha shida hakikuwa na upungufu tunaoudhani.

Wala hatusemi pilau ni haramu! Beriberi huwapata hasa wale wanaokula mchele mweupe karibu peke yake. Familia nyingi za huku kwetu zimelindwa na sufuria ya maharage bila wao kujua, kwa sababu maharage, kunde na karanga vina thiamini. Hatari huja pale kipato kinapopungua na mboga ikaondolewa ukabaki wali mtupu, au pale kipato kinapoongezeka tukayaona maharage ni chakula cha wanyonge.

Basi akina baba wanaokwenda sokoni na akina mama wanaopika, tuyazingatie haya. Wali usikae peke yake kwenye sinia. Mchele usioshwe mara tano na kumwagwa maji, kwani vitamini hii huyeyuka na kwenda na maji. Unga wa mahindi usiokobolewa, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita dona, usidharauliwe mbele ya ule mweupe, kwa kuwa mashine inayokoboa mahindi huondoa ngozi na kiini vile vile. Na mama anayenyonyesha apewe kwanza, kwa sababu anakula kwa ajili ya wawili.

Tunamuomba Allah (S.W.) aturuzuku kilicho halali na kilicho kizuri, na atupe macho ya kuvitambua vyote viwili. Amin.

Wabillahi tawfiq.