Nyumba Iliyokuwa Ghala: Moshi, Miti na Hifadhi ya Nyama katika Ugogo

Mwanafunzi wa historia aulizwapo watu wa kale walihifadhije nyama, hujibu upesi kwamba waliianika juani, akadhani amemaliza. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya habari. Jua ni la wote, na hata hivyo nyama iliyoanikwa pwani wakati wa masika huvunda kabla ya magharibi, na ile iliyoanikwa Ugogo mwezi wa Julai hukauka kama ngozi ya ngoma. Nataka kuonyesha hapa kwamba katika uwanda wa kati wa Tanzania hifadhi ya nyama ilitegemea nyumba kuliko jua, na kwamba nyumba ile ilipoanza kuondoka, elimu iliyokaa ndani yake ilianza kuondoka nayo.

Mji wa Dodoma uko juu ya usawa wa bahari kwa meta zaidi ya 1,100. Mvua yake kwa mwaka ni milimita 570 hivi, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki upepo wavuma mkavu, na nyama iliyochanwa vipande vyembamba hupoteza maji yake kabla vijidudu vya uozo havijapata nafasi. Watu wa pwani wana neno lao, ng'onda, ambalo kwao hasa ni samaki aliyepasuliwa akaanikwa. Sikio langu husikia ndani yake mwangwi wa kitenzi kukonda, na kama nimekosea katika asili ya neno, sikukosea katika maana, kwani kilichokonda maji hakiozi upesi.

Hata hivyo yapasa tukumbuke kwamba ghala la kwanza la nyama ya Mgogo lilikuwa ng'ombe mwenyewe, akiwa hai. Ng'ombe alikuwa mahari, na fidia, na akiba ya kubadilishia nafaka mwaka wa njaa. Hakuchinjwa kwa uchu wa kitoweo tu. Alipochinjwa kwa tambiko au sherehe, au alipolala kiangazi asiweze kuinuka tena, nyama iligawanywa kwanza kwa jamaa na majirani, na ile iliyosalia ndiyo iliyohitaji akili.

Akili hiyo ilijengwa katika tembe. Tembe ni nyumba ya nguzo na fito iliyokandikwa udongo, yenye paa bapa lililofunikwa udongo pia, nayo huzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Wageni wengi wameidharau kwa giza lake na moshi wake. Hawakutazama juu. Juu ya paa huanikwa mtama, mlenda na vipande vya nyama. Chini ya paa, juu ya mafiga, husimama uchaga, na moshi usio na dirisha kubwa la kutokea hupita katika kila kilichowekwa humo, usiku na mchana.

Na moshi ni nini, ila mti ambao haukuungua wote? Kuni zinapoungua pole pole, kile kiini kinachoupa mti ugumu wake huvunjika na kutoa fenoli, ambazo hutua juu ya nyama, zikazuia vijidudu visiongezeke na kuchelewesha mafuta yasichache. Kwa hiyo yule anayetangaza leo kwamba amevumbua dawa ya mimea ya kuhifadhi nyama, na aende kwanza akatazame boriti nyeusi za tembe.

Wenzetu wa jirani na wa mbali wanayo yao. Wamasai huchemsha gome la kiloriti, aina ya mgunga, katika mchuzi wa nyama. Gome hilo lina tanini nyingi, ambayo ndiyo huzuia ngozi isioze inapotengenezwa. Sisemi kwamba mchuzi ule ulikusudiwa kuhifadhi kitu, maana wenyewe wausifu kwa nguvu na afya ya tumbo. Wasomali hukausha nyama, wakaikaanga na kuizamisha katika samli yenye iliki. Afrika ya Kusini nyama kavu hutiwa siki na giligilani. Karafuu ya Unguja na Pemba nayo ina mafuta ya yujenoli, ambayo wataalamu wa maabara huyajaribu sana siku hizi. Lakini angalia, msomaji: katika mifano hii ya hifadhi hakuna mmea ufanyao kazi peke yake. Maji yametolewa kwanza, au hewa imezuiwa kwa samli, kisha mmea ukasaidia.

Elimu hii ilikuwa na mipaka, na historia iliionyesha kwa ukali. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza makundi ya ng'ombe Afrika ya Mashariki. Kisha ikaja njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nazo zikakosekana. Wanahistoria hukadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu 150,000 hivi, walikufa watu 30,000. Uchaga hauna kazi pasipo kitu cha kuweka juu yake.

Baada ya vita ya pili nyama ikahamia ndani ya kopo. Tanganyika Packers, shirika la serikali ya kikoloni na kampuni ya Liebig, lilikuwa na kiwanda chake Kawe, Dar es Salaam, ambacho sasa hakipo. Kwa miaka hiyohiyo, tangu 1947, matrekta yaling'oa pori la Kongwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana, na mpango ukaachwa 1951.

Badiliko lililoingia ndani ya nyumba lilikuja na Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Nyumba bora ilikuwa ya matofali, yenye madirisha na, kwa aliyeweza, bati. Sitaki kuililia tembe kupita kiasi, maana moshi uliohifadhi nyama uliumiza macho na mapafu ya kina mama waliopika humo. Tena hapana gome wala moshi uwezao kusafisha nyama ya mnyama aliyekufa kwa kimeta: mbegu za ugonjwa huo huvumilia ukavu kwa miaka mingi, na aliyekausha mzoga amekausha mauti pamoja nao. Lakini waliochora ramani za nyumba mpya hawakuuliza uchaga utakaa wapi.

Tembe hazijaisha. Miaka michache iliyopita niliingia katika moja upande wa Bahi, pamoja na wanafunzi wangu. Bibi mwenye nyumba alitupokea kwa mbukwa, akatuonyesha boriti iliyong'aa kwa masizi kama iliyopakwa lami. Mwanafunzi mmoja akamwuliza, "Shikamoo bibi, mbona siku hizi hamtundiki nyama hapa?"

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu. "Mwanangu amejenga ya bati pale, na jiko liko nje. Humu nawasha moto siku za baridi tu. Na kuni zenyewe sasa twanunua."

Kisha akainua mkono, akapapasa kamba kuukuu iliyokuwa bado imefungwa kwenye boriti ile.