Stelingi Ngumu Ilikuwa Kawaida

Vijana wa gereji yetu hapa Gerezani hawajawahi kuzungusha usukani wa Land Rover Series III iliyosheheni mkaa. Sisi tulianza nazo. Ugumu wa usukani haukuwa ugonjwa, ndilo gari lenyewe. Na dawa ilishakuwepo! Francis Davis, mhandisi aliyetoka Pierce-Arrow, aliendesha gari lenye usukani wa kusukumwa na oili huko Marekani mwaka 1926. General Motors waliona ghali, wakaacha. Chrysler wakaanza kuuuza mwaka 1951, kwenye Imperial.

Pikapu zenye pampu ya usukani huo zilipotufikia, nyingi tayari kuukuu, ufundi ukahamia masikioni. Pampu ikilia, funua kopo lake la oili: oili pungufu, au ina povu kwa kuvuta hewa. Mkanda uliolegea hupiga yowe usukani ukikatwa hadi mwisho. Ngumu gari likisimama, laini ukiongeza moto? Pampu imechoka. Ngumu upande mmoja tu? Tazama valvu ya stelingi boksi. Tairi zenye upepo mdogo nazo hufanya usukani uwe mgumu na kukudanganya, tena sana.

Mwenye gari, usikubali pampu ifunguliwe kabla mkanda, oili na upepo havijakaguliwa.