Hotdish: Chakula cha supu ya kopo kinacholisha umati misibani Marekani

Msiba ukitokea Minnesota, jimbo lililo kaskazini mwa Marekani, majirani hawaulizi sana wafiwa wanahitaji nini. Wanaleta trei. Ndani yake kuna nyama ya kusaga, mboga, viazi au makaroni, na kitu kimoja kinachoshikilia vyote pamoja: supu nzito ya uyoga ya kopo.

Wenyeji wanakiita 'hotdish', yaani chakula cha moto. Wapishi wa mahoteli makubwa hukibeza kuwa ni chakula cha kizamani. Lakini ukitakiwa kulisha watu 50 kesho mchana na mfuko hauko vizuri, utaelewa kwa nini hakijafa.

Hotdish ni nini hasa?

Ni mlo kamili unaookwa kwenye trei moja. Una wanga, una nyama au samaki wa kopo, una mboga, na juu kuna kitu cha kukauka na kulia 'kacha' mdomoni. Supu ya kopo humiminwa bila kuongezwa maji mengi, ndiyo inakuwa mchuzi.

Toleo maarufu zaidi hufunikwa kwa tater tots, vile vidonge vidogo vya viazi vya kukaanga vilivyoingia sokoni miaka ya 1950 kupitia kampuni ya Ore-Ida.

Yote yalianza na kuondoa maji

Mwaka 1897, mkemia John T. Dorrance wa kampuni ya Campbell's alipata njia ya kutengeneza supu iliyopunguzwa maji. Kopo likawa dogo, gharama ya kusafirisha ikashuka, na supu ikauzwa senti 10 tu. Mnunuzi aliongeza maji mwenyewe nyumbani.

Mwaka 1934 kampuni hiyo ikatoa supu ya uyoga yenye krimu. Hapo ndipo mambo yalibadilika jikoni.

Kwa kawaida, mchuzi mweupe hutengenezwa kwa siagi, unga wa ngano na maziwa, huku mpishi amesimama jikoni anakoroga usiweke mabonge. Kwa watu wanne si tabu. Kwa watu 50 ni kazi kwelikweli. Supu ya uyoga ilikuja na kazi hiyo imeshafanyika: fungua, mimina, changanya, basi.

Kanisani ndiko ilikokulia

Moja ya mapishi ya mwanzo kabisa ya hotdish yanayojulikana yapo kwenye kitabu cha mwaka 1930 cha akina mama wa kanisa la Grace Lutheran, mji wa Mankato, Minnesota. Yalitumia nyama ya kusaga, makaroni, njegere za kopo na supu ya nyanya ya kopo.

Huo ulikuwa mwanzo wa mdororo mkubwa wa uchumi. Nyama kidogo ilibidi itoshe watu wengi, na makaroni na supu viliifanya itoshe. Baadaye supu ya uyoga ilipozoeleka, watu wa huko wakaipa jina la utani: gundi ya Walutheri.

Huko Utah, kwa waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kuna ndugu yake anayeitwa 'viazi vya msiba'. Ni viazi vilivyokwanguliwa, supu ya kuku ya kopo, krimu chachu na jibini, juu vinanyunyiziwa cornflakes zilizochanganywa na siagi. Akina mama wa kanisa huvipeleka kwenye mlo wa baada ya mazishi. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika Salt Lake City mwaka 2002, viliwekwa hadi kwenye beji za ukumbusho.

Mwanamke aliyebuni maharage ya sikukuu

Mwaka 1955, Dorcas Reilly alikuwa akifanya kazi kwenye jiko la majaribio la Campbell's huko Camden, New Jersey. Yeye na wenzake walitakiwa kubuni chakula kwa kutumia vitu ambavyo tayari vipo kwenye kabati la kila nyumba.

Jibu lao: maharage ya kijani, supu ya uyoga, maziwa kidogo, sosi ya soya, pilipili manga, na vitunguu vya kukaanga vya kopo juu. Nusu saa kwenye oveni, tayari.

Leo chakula hicho kiko kwenye meza nyingi za Marekani siku ya Shukrani, kila Novemba. Reilly alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 92.

Unataka kulisha umati? Hesabu ni hii

Trei ya kawaida ina upana wa sentimita 23 na urefu wa sentimita 33. Inatosha watu 8 hadi 10. Kwa watu 50, andaa trei 5 au 6.

Kila trei inahitaji takribani nusu kilo ya nyama ya kusaga, kitunguu kimoja, kopo moja au mawili ya supu, vikombe viwili vya mboga, na viazi au makaroni ya kufunika. Kaanga nyama na kitunguu kwanza hadi viive, changanya na supu na mboga, funika, kisha oka kwa nyuzijoto 180 hadi pembeni pachemke, kama dakika 45.

Usipike trei moja kubwa yenye kina. Katikati itabaki ya baridi wakati pembeni panaungua.

Mambo matatu ya kuangalia

Chumvi: Supu za kopo zina chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja, na kama kuna wageni wenye presha, tafuta makopo yenye chumvi pungufu.

Muda: Chakula kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kiporo kipashwe moto hadi katikati kifike nyuzijoto 74. Umati ukiugua tumbo msibani, wafiwa wanabeba mzigo wa pili.

Lebo: Supu nyingi nzito zina unga wa ngano na maziwa, na baadhi ya makopo yana nyama. Minnesota ina Wasomali na Wakenya wengi, hivyo anayepika kwa ajili ya majirani Waislamu ahakikishe nyama na supu ni halali.

Bado ipo

Mwaka 2011, aliyekuwa seneta wa Minnesota, Al Franken, alianzisha shindano la kupika hotdish kati ya wabunge wa jimbo hilo, wa chama chochote. Tim Walz, kabla hajawa gavana, alishinda zaidi ya mara moja.

Na ukipokea trei, igeuze chini kabla ya kuiosha. Mara nyingi utakuta kipande cha selotepu chenye jina la mwenyewe, ili ujue pa kuirudisha.