Upangaji wa Spika za Sinema ya Nyumbani katika Nyumba Mpya

Upangaji wa spika za sinema ya nyumbani ni kazi ya kuamua, kabla nyumba haijapigwa lipu, mahali pa kila kiti, kila spika na kila waya katika chumba cha kutazamia filamu. Kazi hii inakutanisha akustika, yaani elimu ya sauti, na ufundi wa ujenzi. Katika nyumba za tofali za saruji, zilizo nyingi Afrika Mashariki, uamuzi huu una uzito wa pekee: ukuta ukishapigwa lipu na rangi, kuhamisha waya mmoja ni kutindua, kuziba na kupaka upya. Kosa linalojirudia ni kuchagua kwanza ukuta wa runinga, kisha spika zikaenda palipobaki nafasi. Mpango mzuri huanza na masikio ya msikilizaji. Kiti kikishapata mahali, pembe na umbali wa spika zote hupimwa kutoka hapo.

## Historia

Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi EMI, aliomba hataza ya sauti ya stirio mwaka 1931. Mwaka 1940 filamu ya Walt Disney iitwayo Fantasia ilionyeshwa katika majumba machache ya Marekani kwa mfumo wa Fantasound, uliotumia njia kadhaa za sauti badala ya moja. Mfumo wa sauti wa Dolby Stereo ulipata umaarufu kupitia Star Wars ya mwaka 1977. Enzi ya sauti ya dijitali katika sinema ikafuata: Dolby Digital ilikuja na Batman Returns mwaka 1992, na DTS ikaja na Jurassic Park mwaka 1993.

Mwaka 1992 pia Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa pendekezo BS.775 linaloeleza mahali pa spika tano kumzunguka msikilizaji. Pembe zake zingali msingi wa mipango mingi ya nyumbani. Mwaka 2012 Dolby Atmos, mfumo unaotumia pia spika za juu ya kichwa, ilianza katika sinema kwa filamu ya Brave, na mwaka 2014 ikaingia majumbani. Tangu hapo dari nayo imekuwa mahali pa spika.

## Kusoma namba za mifumo

Mfumo wa 5.1 una spika tatu za mbele, mbili za pembeni na njia moja ya besi nzito inayopelekwa kwenye sabufa. Mfumo wa 7.1 huongeza spika mbili nyuma ya msikilizaji. Namba ya tatu ikiwepo huhesabu spika za darini, hivyo 5.1.4 ni mfumo wa 5.1 wenye spika nne juu. Kwa chumba cha familia chenye safu moja ya makochi, 5.1 iliyopangwa vizuri hushinda 7.1 iliyobanwa, kwa sababu spika mbili za nyuma zinahitaji angalau mita moja ya nafasi nyuma ya kiti.

## Kiti kikuu

Kiti hakifai kuegemea ukuta wa nyuma. Besi hujikusanya kwenye ukuta, na sauti iliyoakisiwa hapo hufika masikioni karibu pamoja na ile iliyotoka kwenye spika, zikachafuana. Katikati kabisa ya urefu wa chumba pia ni pabaya: hapo wimbi kuu la besi la urefu huo hujifuta, na mngurumo unaosikika mlangoni haufiki kwenye kochi. Sehemu salama zaidi huwa kati ya asilimia 60 na theluthi mbili ya urefu wa chumba, kupima kutoka ukuta wa skrini.

Masikio ya mtu mzima aliyeketi huwa kama mita 1.1 kutoka sakafuni. Twita za spika zote za mbele, yaani vipaza vidogo vya sauti nyembamba vilivyo ndani yake, zinapaswa kukaribia kimo hicho. Spika ya kati ndiyo inayobeba mazungumzo. Ikiwekwa chini ya runinga, iinamishwe juu kidogo ielekee masikio. Kuificha ndani ya kabati lenye mlango ni kuyaziba maneno ya filamu nzima.

## Pembe za spika

Msikilizaji anapoitazama spika ya kati, mwelekeo huo ni nyuzi 0. Spika za mbele za kushoto na kulia hukaa kati ya nyuzi 22 na 30 kila upande. Katika 5.1 spika za pembeni hukaa nyuzi 100 hadi 120, nyuma kidogo ya mstari wa masikio. Katika 7.1 za pembeni husogea kwenye nyuzi 90 hadi 110, na za nyuma huchukua nyuzi 135 hadi 150.

Kimo cha spika za pembeni kimebadilika. Zamani zilipandishwa juu ya kichwa ili sauti itawanyike. Penye spika za darini, za pembeni hushushwa hadi karibu na kimo cha masikio, ili sikio litofautishe ndege inayopita juu na gari linalopita ubavuni.

Spika nne za darini huwekwa jozi moja mbele ya kiti na jozi moja nyuma yake, kwa mwinuko wa takriban nyuzi 45 kutoka masikioni. Zikiwa mbili tu, hukaa juu ya kiti au mbele yake kidogo.

## Mfano: chumba cha mita 4 kwa 5.5

Chumba chenye upana wa mita 4, urefu wa mita 5.5 na dari ya mita 3 kinaonyesha jinsi pembe zinavyogeuka kuwa vipimo vya fundi. Kiti kikuu kiwe mita 3.4 kutoka ukuta wa mbele. Spika za mbele zikisimama sentimita 40 kutoka ukuta huo, umbali wa kwenda mbele kutoka kwenye kiti hadi mstari wa spika ni mita 3. Kwa pembe ya nyuzi 25, kila spika itakaa mita 1.4 kutoka mstari wa katikati wa chumba, na itabaki sentimita 60 hadi ukuta wa pembeni. Kwa nyuzi 30 ingebaki sentimita 27 tu, na mwakisiko wa ukuta ungezidi. Nyuzi 25 ni chaguo bora hapa.

Spika za pembeni zikitundikwa ukutani kwa nyuzi 110, kila moja hukaa sentimita 73 nyuma ya mstari wa masikio, yaani mita 4.13 kutoka ukuta wa mbele. Darini, tofauti ya kimo kati ya masikio na dari ni mita 1.9. Kwa mwinuko wa nyuzi 45, jozi ya mbele hukaa mita 1.5 kutoka ukuta wa mbele. Jozi ya nyuma kwa pembe hiyo hiyo ingebanwa sentimita 20 kutoka ukuta wa nyuma, hivyo husogezwa mbele hadi mita 1.33 nyuma ya kiti, ambapo mwinuko ni nyuzi 55 na bado uko ndani ya mipaka inayokubalika. Vipimo hivi vikiandikwa kwenye ramani, fundi umeme hahitaji kukisia.

## Besi na umbo la chumba

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzi joto 20 za Selsiasi. Kila kipimo cha chumba, yaani urefu, upana na kimo, kina wimbi la besi linalosimama kati ya pande zake mbili, na masafa yake hupatikana kwa kugawa kasi ya sauti kwa mara mbili ya kipimo hicho. Kwa chumba cha mfano, urefu wa mita 5.5 hutoa hezi 31, upana wa mita 4 hutoa hezi 43, na kimo cha mita 3 hutoa hezi 57. Mawimbi hayo hufanya besi ivume sehemu moja na kupotea sehemu nyingine.

Chumba cha mraba huyaweka mawimbi mawili kwenye masafa yaleyale, mvumo ukaongezeka. Chumba chenye kipimo kimoja kilicho mara mbili ya kingine, kama mita 3 kwa 6, kina tatizo la jamii hiyo. Aliye bado kwenye ramani anaweza kulikwepa kwa kusogeza ukuta sentimita 40 au 50, jambo lisilogharimu chochote kabla ya msingi kuchimbwa.

Chini ya hezi 80 sikio hupata shida kutambua sauti inatoka wapi, ndiyo maana sabufa si lazima ikae mbele. Mahali pake huamuliwa na chumba. Pembe ya chumba, kuta mbili zikutanapo, huipa nguvu kubwa zaidi, lakini huamsha mawimbi yote yaliyosimama. Mwaka 2002 Todd Welti wa kampuni ya Harman alichapisha utafiti kuhusu idadi ya sabufa zinazotosha chumba cha mstatili. Ulionyesha kwamba sabufa mbili katikati ya kuta mbili zinazotazamana husawazisha besi kwa viti vingi, na kwamba zaidi ya nne hazileti faida kubwa. Kwa hiyo nyumba mpya ipewe sehemu za sabufa angalau mbili, mbele na nyuma, hata kama itanunuliwa moja.

## Kuta za tofali, vigae na mwangwi

Ukuta wa mbao na jipsamu huyumba kidogo na kunyonya sehemu ya besi. Ukuta wa tofali za saruji hauyumbi, hivyo besi hurudi chumbani karibu yote. Sakafu ya vigae na madirisha makubwa huongeza mwangwi wa sauti za juu, na maneno hupoteza makali yake.

Kanuni ya Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard inasema kuwa muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo wa chumba, ukigawanywa kwa jumla ya unyonyaji wake. Chumba cha mfano kina ujazo wa mita za ujazo 66. Kikiwa kitupu, chenye lipu na vigae pande zote, mwangwi wake unaweza kuzidi sekunde 3. Kwa filamu unahitajika muda wa karibu sekunde 0.4. Zulia nene mbele ya makochi, makochi ya kitambaa, mapazia mazito yenye mikunjo na rafu za vitabu hupunguza sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Hata hivyo zulia na pazia havigusi besi. Besi hutulizwa na vitu vinene, kama sufi ya madini ya sentimita 10 au zaidi kwenye pembe za chumba, na kwa mpangilio wa sabufa.

Paa la mabati ni jambo jingine la kufikiriwa mapema. Mvua kubwa ikinyesha, mabati hufunika mazungumzo ya filamu. Sufi ya kuzuia kelele juu ya dari huwekwa kwa urahisi kabla bodi za jipsamu hazijafungwa.

## Nyaya, paipu na maboksi

Paipu hulazwa baada ya kuta kusimama na kabla ya lipu. Katika nyumba ya ghorofa, zinazopita kwenye zege hufungwa kwenye nondo kabla zege halijamwagwa. Paipu ya milimita 25 hutosha kwa nyaya mbili au tatu za spika. Ile ya projekta, ikiwa itatumika badala ya runinga, iwe pana zaidi, milimita 32 hadi 40, kwa sababu kichwa cha waya wa HDMI ni kikubwa na waya huo huenda ukahitaji kubadilishwa. Kona ziwe za mviringo, na kila paipu iachiwe kamba ya kuvutia.

Waya wa spika uwe wa shaba tupu. Waya wa alumini uliopakwa shaba ni rahisi kwa bei, lakini ukinzani wake ni mkubwa na huvunjika upesi. Kwa umbali wa mita 15, waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 una ukinzani wa takriban omu 0.2 kwenda na kurudi, kiasi kidogo kwa spika ya omu 8. Nyaya za spika zitenganishwe na nyaya za umeme kwa sentimita 30 hivi, na zinapolazimika kupishana zipishane kwa pembe mraba. Zisilazwe kamwe katika paipu moja na umeme wa volti 230. Pwani, chumvi ya hewani huila shaba iliyo wazi, hivyo ncha zifungwe kwenye vichwa vya kubana.

Risiva, yaani kifaa kinachoendesha spika zote, hutoa joto na huhitaji nafasi ya hewa juu na pembeni, pamoja na kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla baada ya kukatika.

## Urekebishaji

Risiva nyingi huja na maikrofoni ya kupimia chumba. Programu yake hulinganisha ukubwa wa sauti na kuchelewesha spika zilizo karibu, kwa kuwa kila mita moja ni karibu milisekunde 3. Vipimo hivyo vina thamani, lakini programu haiwezi kurudisha besi iliyojifuta mahali pa kiti, wala haiwezi kuifikisha mbele spika iliyofungwa nyuma ya mlango.

## Kujenga kwa hatua

Familia nyingi haziwezi kununua mfumo mzima nyumba inapokamilika, na hakuna ulazima. Mpango unaofaa ni kulaza paipu zote za 5.1.4 na za sabufa mbili, kupiga picha kila ukuta pamoja na futi ya kupimia kabla ya lipu, kisha kuanza na spika tatu nzuri za mbele na sabufa moja. Za pembeni zifuate, za darini zije mwisho. Paipu tupu ni sehemu ndogo ya gharama ya umeme wa nyumba, ilhali kutindua baadaye ni kulipa mara ya pili fundi umeme, fundi lipu na fundi rangi. Pesa ya kwanza ya sinema ya nyumbani na itumike kwenye ramani na paipu.